Ukitaka kazi ya maji ya bonde, anzia mtoni

Nafanya kazi Bonde la Pangani, moja ya mabonde tisa ya maji Tanzania, na vijana huniuliza sana njia ya kuingia. Sekondari, shikilia fizikia, kemia, hesabu na jiografia. Haidrolojia, yaani sayansi ya maji ya mito, maziwa na ardhini, inasomeshwa Chuo cha Maji, Ubungo. Shahada ya sayansi ya mazingira iko SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Nafasi hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, na waombaji ni wengi. Usingoje kuajiriwa ndipo ujifunze kazi.

Nenda mto wa kwenu. Tafuta mahali uliponyooka, pima mita 10 ukingoni, chomeka kijiti mwanzo na mwisho. Tupa chungwa katikati ya mkondo, juu kidogo ya kijiti cha kwanza. Chungwa huelea likiwa limezama karibu lote, kwa hiyo upepo hausumbui. Hesabu sekunde kwa simu toka kijiti hadi kijiti, rudia, chukua wastani; mita 10 gawa kwa sekunde hizo ndiyo kasi. Kisha vuka na kamba na ufito, upime upana, na kina kila baada ya hatua; upana mara wastani wa kina ndio eneo. Eneo mara kasi mara 0.85, kwa sababu maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Huo ndio mtiririko, kwa mita za ujazo kwa sekunde. Andika tarehe, saa, na kama jana mvua ilinyesha. Daftari la masika na kiangazi namna hiyo nalithamini kuliko rundo la vyeti vya semina.

Sampuli nazo zina adabu zake. Ya vijidudu, tumia chupa iliyotakaswa maabara, usiguse mdomo wake, iweke kwenye barafu na ifike siku hiyohiyo. Ya floraidi, madini ya majini yanayoharibu meno yakizidi, chukua chupa ya plastiki, maana floraidi na kioo havipatani. Kwetu floraidi iliyozidi tunaiona kwa macho: miteremko ya Meru ina watu wenye meno ya kahawia tangu utotoni. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita.

Sasa watu, na hapa ndipo wasomi wengi hukwama. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Mama anayelima mchicha pale ukimwendea na kifungu, atakuitikia, na kesho utamkuta na jembe. Pitia kwa mwenyekiti wa kitongoji na jumuiya ya watumia maji, kisha umwulize mama kwanza bustani ile inamlipia nini.

Kilimanjaro, wazee wa mifongo, mifereji ya jadi ya kumwagilia, waligawana maji kwa zamu kabla ya vibali kuwepo. Wasikilize kiangazi, zamu zinapogombewa. Pima juu na chini ya banio, pale maji yanapochepushwa kuingia mfereji, mbele yao, wenyewe wakitupa chungwa. Wakikubaliana zamu mpya, ziandike, zisomwe kwa sauti, na wa juu na wa chini wabaki na nakala zenye sahihi.