Ukitaka kuiona tezi ya limfu ya panya kwa ultrasaundi, tafuta mafuta kwanza

Wanaokuja kwangu kujifunza kupiga picha za tezi za limfu za panya kwa ultrasaundi, yaani kwa mawimbi ya sauti, huanza kwa kuuliza habari za mashine. Jibu ni fupi: proba (kile kichwa cha mashine kinachowekwa mwilini) ya hospitalini ya megahezi 5 haikufai. Tezi ya panya wa maabara ina milimita chache tu, kwa hiyo unahitaji proba ya megahezi 40 hivi. Haioni mbali, kama sentimita moja tu, lakini tezi za kinenani, kwapani na nyuma ya goti ziko karibu na ngozi.

Kibali cha maadili kikiwa mkononi, mlaze panya kwa isofluraini, dawa ya usingizi ya kuvuta, asilimia 3 hadi 4 mwanzoni, kisha ishushe hadi 1.5 au 2 huku ukihesabu pumzi zake. Mpake marhamu ya macho. Mlaze chali kwenye kitanda chenye joto, maana akiwa usingizini hupoa upesi mno. Manyoya yaondoe kwa krimu, kisha uifute yote. Ikibaki huunguza ngozi. Jeli iwe ya uvuguvugu na isiwe na mapovu, kwa sababu kila povu litakuwekea kivuli kwenye picha.

Anza na kinena. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo wengi hukimbilia doa jeusi la kwanza wanaloliona. Usilikimbilie. Tafuta kwanza mafuta ya kinena, yanayong'aa kwenye kioo, halafu ufuate mshipa wa vena unaopita ndani yake mpaka unapogawanyika. Tezi hukaa pale kwenye panda, nyeusi-nyeusi, imejikunja kama punje ya haragwe. Una shaka? Zungusha proba nyuzi 90: vena itageuka mrija mrefu, tezi itabaki yai. Dopla ya rangi, sehemu ya mashine inayopaka rangi damu inayotembea, nayo itakuonyesha damu inakopita.

Mkono uwe mwepesi. Ukikandamiza, tezi hubapa, na unene unaoupima unakuwa wa mkono wako, si wa panya. Mimi huifunga proba kwenye stendi na kuacha jeli nene katikati, proba isiiguse ngozi kabisa.

Kupima: urefu mara upana mara kina mara 0.52, ndio ujazo wa umbo la yai. Kama stendi ina mota, piga picha za vipande mfululizo na uchore mpaka wa tezi kwenye kila kimoja; tezi iliyovimba mara nyingi haina tena umbo la yai. Kwapani subiri kati ya pumzi na pumzi, kwani kifua huisukuma tezi.

Ukichoma chanjo kwenye mguu wa nyuma, pima tezi ya goti la mguu huo na la mguu wa pili ili ulinganishe, kila safari, kwa mkao uleule. Uzuri wa njia hii ni kwamba panya yuleyule unamfuata wiki hata wiki bila kumuua.

Kabla hujamrudisha kizimbani, mfute jeli yote. Panya aliyelowa hutetemeka.