Zika kitambaa, usome kazi ya vijidudu vya udongo

Mara ya kwanza nilipojaribu kipimo hiki, nilifukua kitambaa baada ya miezi miwili nikakikuta kina umbo lake lote. Nikaamua udongo wangu umekufa. Siku kadhaa zilipita ndipo nikakumbuka kuangalia lebo ya shati nililolikata: nusu pamba, nusu poliesta. Vijidudu vilikuwa vimekula pamba na kuniachia plastiki, nami nikavisingizia uvivu.

Kwa hiyo tafuta pamba tupu, nyeupe. Pamba ni selulosi, kitu kilekile kinachojenga majani na mabua. Bakteria na kuvu hutoa vimeng'enya nje ya miili yao, vikaikata selulosi hadi ikawa sukari, nao wakaila. Ni katika ulaji huo wa masalia ndipo kaboni hurudi hewani kama hewa ya ukaa, na naitrojeni na fosforasi zilizofungwa humo huachiliwa zikafikia mizizi tena. Kitambaa kinakuonyesha mwendo wa kazi hiyo.

Kata vipande vya ukubwa wa kiganja, vitatu kwa kila mahali unapopima, maana kipande kimoja kinaweza kuangukia pembeni mwa kichuguu kikakudanganya. Chagua angalau sehemu mbili zinazotofautiana: chini ya matandazo na palipo wazi, au palipolimwa na pasipolimwa. Usichimbe shimo. Choma koleo wima, lisukume mbele kidogo upate mwanya, teremsha kitambaa hadi sentimita 10 hivi, kisha ukanyage mwanya ufunge. Kitambaa kisipogusana na udongo pande zote hakiliwi. Funga uzi wa nailoni kwenye pembe yake na uuambatishe na kigingi. Nimepoteza vipande vingi kwa kuamini kumbukumbu yangu.

Subiri siku 60, na iwe wakati udongo una unyevu. Vijidudu huishi kwenye utando mwembamba wa maji unaozunguka chembe za udongo. Ukikauka, kazi inasimama. Maji yakituama, oksijeni inakwisha, na baadhi ya bakteria huanza kuvuta pumzi kwa kutumia naitreti, wakaigeuza kuwa gesi inayopotelea hewani.

Ukifukua ukakuta matambara yenye matundu na madoa meusi, au mshono peke yake, kuna walaji wengi. Ila hapa natofautiana na wanaoshangilia kila kitambaa kilichotoweka. Pamba haina naitrojeni karibu kabisa, hivyo udongo uliotiwa mbolea ya chumvichumvi unaweza kuimaliza haraka kwa kuwa walaji wamepata walichopungukiwa. Udongo unaolimwa kila mara nao huweza kula haraka, huku ukichoma akiba yake ya mboji. Kasi ni kazi moja tu kati ya nyingi, ndiyo maana sisomi kitambaa peke yake.

Chukua mabonge makavu ya udongo kutoka sehemu zote mbili, ya ukubwa wa ncha ya kidole gumba, uyaweke juu ya chujio la waya ndani ya glasi za maji. Bonge lililofumwa na nyuzi za kuvu na kugandishwa na gundi ya bakteria litashikilia umbo lake. Jingine litamomonyoka mbele ya macho yako. Kwenye shamba, vumbi hilo ndilo linaloziba vinyweleo vya udongo, mvua ikashindwa kuingia ikatiririka juu.

Kisha angalia mizizi ya mimea jamii ya kunde inapotoa maua. Usiing'oe, vinundu (vile vivimbe vidogo vya mizizini) vitabaki ardhini. Chimbua na udongo wake. Pasua kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha waridi, bakteria waliomo wanakamata naitrojeni ya hewa. Rangi hiyo ni ya protini iliyo ndugu na ile ya damu, inayodhibiti oksijeni isiharibu kimeng'enya chao. Kikiwa cheupe au kijani hakifanyi kazi hiyo: ama bado hakijaanza, ama kimeshaacha. Beijerinck, mwanasayansi wa Uholanzi, aliwatenga bakteria hawa mwaka 1888. Vinundu vikiwa vichache mno, uliza kwanza kama umemwaga mbolea nyingi ya naitrojeni: mmea ulioshiba haulishi wapangaji.

Matokeo yakiwa mabaya, usikimbilie kuchanganya maranda ya mbao kwenye udongo. Nilifanya hivyo, na mahindi yakageuka manjano, kwa kuwa bakteria waliokuwa wakila maranda waliinyakua naitrojeni yote iliyokuwepo. Yatandaze juu tu. Punguza kulima, maana jembe hukata nyuzi za kuvu zinazoletea mizizi fosforasi kutoka mbali, na usiache ardhi bila mzizi hai kwa muda mrefu.

Mwakani zika tena palepale, mwezi uleule. Andika tarehe na kina kwenye kigingi chenyewe, kwa penseli. Wino hufutwa na jua.