Namna ya kuandaa makala ya redio juu ya Pascal Sevran

Ukitaka kumtambulisha Pascal Sevran katika kipindi cha zilipendwa hapa Mwanza, usianze na tarehe ya kuzaliwa, kwa kuwa mama anayepara sato pale soko la samaki la Mwaloni, redio ikiwa pembeni, hana haja ya kujua mapema kwamba mtu fulani alizaliwa Paris mwaka 1945. Anza na kazi yake. Tangu 1984 hadi 2000 Sevran aliendesha katika televisheni ya Ufaransa kipindi cha mchana, La Chance aux chansons, ambacho kilikuwa ndicho zilipendwa ya Wafaransa, kikiwarudisha jukwaani waimbaji ambao vituo vingine vilikwisha kuwasahau.

Kisha piga wimbo mmoja kabla ya kuueleza. Mimi ningechagua Il venait d'avoir 18 ans, ulioimbwa na Dalida mwaka 1973, na ningesema bayana kwamba Sevran aliutunga akishirikiana na Serge Lebrail na Pascal Auriat, maana wasikilizaji wetu huwa wepesi kumpa mwimbaji sifa zote. Simulia kisa chenyewe kwa sentensi chache: mwanamke anakutana kwa usiku mmoja na kijana wa miaka 18, na kijana akishaondoka, yeye akitengeneza nywele zake, anakumbuka kwamba umri wake ni mara mbili ya ule. Usizungumze juu ya sauti ya Dalida. Waweza kudokeza kwamba alizaliwa Cairo, mji unaokunywa maji ya Nile, ambayo sehemu yake hutoka katika ziwa letu hili. Hilo si hoja, lakini litategewa sikio.

Vitabu vyake vitaje kwa ufupi, isipokuwa shajara iliyozua ghadhabu mwaka 2006, ambamo aliulaumu uzazi wa watu weusi kwa njaa ya Afrika. Wapo watakaokushauri uliruke jambo hilo ili burudani isiharibike, usikubali. Liweke katikati ya makala, ulieleze kwa maneno yako, kwa sababu lugha aliyoitumia ni ya matusi na watoto wanasikiliza, kisha uendelee bila kumtetea.

Kifo chake, huko Limoges tarehe 9 Mei 2008, kinatosha sentensi moja. Kabla ya kurusha makala, hakikisha kituo kina leseni ya hakimiliki ya kupiga muziki. Kama hakina, simulia kisa cha wimbo bila kuupiga.