Jinsi ya kumfikisha mzee mwanajeshi mstaafu kwenye huduma ya macho iliyo karibu naye

Nafanya kazi kliniki ya macho na wazee waliotumikia jeshi nawapokea sana, na kitu ambacho nawaambia watoto na wajukuu zao kila mara ni hiki: usisubiri mzee akwambie haoni. Hatakwambia. Mtu aliyefundishwa tangu ujana kuvumilia bila kulalamika atakwambia taa za humu ndani hafifu, au magazeti ya siku hizi wanaandika herufi ndogo, basi, siku zinaenda. Kwa hiyo wewe ndo unaanza.

Hatua ya 1: Mpime mwenyewe nyumbani

Msimamishe mbali kidogo na kalenda ya ukutani, kama ana miwani aivae, afunike jicho moja kwa kiganja (sio vidole, atachungulia katikati) akusomee tarehe, afu ahamie jicho la pili. Hapo ndo mnagundua jicho moja lilishachoka zamani ila lile zima lilikuwa linabeba kazi ya yote mawili. Muulize pia kama fremu ya mlango anaiona imenyooka au imepinda katikati. Kupinda ni dalili ya shida kwenye retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha), hiyo haitaki kuchelewa.

Kuna dalili hazisubiri miadi kabisa: kuona kumekata ghafla, vimulimuli na vidoa vyeusi vingi vimetokea kwa mara moja, kama pazia linashuka upande mmoja, au jicho jekundu linauma sana na anatapika. Hapo ni dharura, siku hiyohiyo.

Hatua ya 2: Kusanya karatasi

Kitambulisho, hati ya kustaafu jeshi yenye namba yake ya utumishi, kadi ya bima kama anayo, miwani yote hata iliyovunjika, na dawa zote anazotumia ziweke kwenye mfuko mmoja uje nazo zenyewe. Hati ya jeshi piga kopi, original ibaki nyumbani mpaka wakiidai.

Hatua ya 3: Piga simu kabla ya kutoka

Watu wengi wanaamini mzee wa jeshi lazima aende hospitali ya jeshi, na kama iko mbali wanaahirisha mwezi baada ya mwezi. Kipimo cha kwanza kinaweza kufanyika kituo cha karibu, la msingi ni kujua nani analipa. Piga simu ofisi inayoshughulikia wastaafu wa jeshi, uliza: je, anaruhusiwa kutibiwa kituo cha kiraia kilicho karibu? Inahitajika barua ya rufaa au kibali kabla? Miwani inalipiwa au ni vipimo tu? Usafiri je? Jina la aliyekujibu na tarehe andika. Afu piga kituo chenyewe uulize kama wanapima presha ya macho na kuangalia nyuma ya jicho, kwa sababu duka linalopima miwani peke yake halitoshi kwa umri huu. Glakoma, ugonjwa unaoharibu mshipa wa jicho unaopeleka picha kwenye ubongo, inakula macho kimyakimya na ikishakula hairudishi, wakati mtoto wa jicho unaondolewa kwa upasuaji na mara nyingi mtu analala kwake siku hiyohiyo.

Hatua ya 4: Andika historia yake ya jeshi

Hii ndo hatua inayorukwa na mimi ndo naipenda kuliko zote. Kaa na mzee umuulize taratibu: aliwahi kupigwa usoni au jichoni? Alikuwa karibu na mlipuko? Kuna chuma kimebaki mwilini? Jicho lililopigwa ujanani linaweza kuja kuleta glakoma miaka mingi baadaye, na chuma kilichobaki jichoni ni hatari mgonjwa akiingizwa kwenye mashine ya MRI (inapiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku kali), sasa daktari asipoambiwa atajuaje?

Ongeza kisukari na presha kama anavyo. Na dawa ya tezi dume! Tamsulosin inalegeza ile sehemu ya rangi inayozunguka mboni wakati wa upasuaji wa mtoto wa jicho, daktari akijua mapema anajiandaa, kwa hiyo itaje hata kama mzee alishaiacha, ila usimwachishe mwenyewe.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Msindikize. Atawekewa matone ya kupanua mboni na kwa saa kadhaa ataona ukungu na mwanga utamchoma, hivyo kofia au miwani ya jua, na asiendeshe. Wengi masikio yaliharibiwa na milio ya silaha, mwambie mhudumu aongee akiwa mbele yake. Kama vita vilimwachia mshtuko, sema mlangoni kabisa, kwa sababu chumba kinazimwa taa na mtu anamsogelea uso kwa uso. Mimi nikiambiwa naeleza kila kitu kabla sijamgusa na naacha mlango wazi kidogo, na mzee anatulia kweli.

Msitoke bila majibu haya kwa maandishi: ugonjwa unaitwaje, anarudi lini, na rufaa inaenda wapi.

Hatua ya 6: Mkirudi nyumbani

Kama kapewa matone ya glakoma, tone moja linatosha, afumbe jicho na abonyeze taratibu kona ya ndani karibu na pua dakika moja au mbili. Kama ni aina mbili, apumzike dakika tano katikati. Yasiachwe eti kwa sababu haumwi.

Na mzee aliyepoteza uoni sana akianza kukwambia anaona watu au maua ambayo hayapo, huku akili zake timamu, usikimbilie kusema ni vita vimemrudia au kachanganyikiwa. Kuna hali inaitwa Charles Bonnet, ubongo unajitengenezea picha kwa sababu macho hayauletei za kutosha. Wengi wanaficha wakiogopa kuitwa vichaa, kwa hiyo muulize wewe, kwa upole mkiwa wawili tu, na akikubali liandikeni kwenye karatasi ya miadi inayofuata.