Uzio wa satelaiti kwa mbwa: pima kosa lake kwanza

Jirani yangu wa Keshero, hapa Goma, aliniita baada ya mkanda wa shingoni wa mbwa wake kulia usiku kucha ilhali mbwa mwenyewe amelala mlangoni. Mkanda huo hujua ulipo kwa mawimbi ya satelaiti, na mbwa akivuka mpaka uliochorwa kwenye simu, hulia au humpiga shoti. Mkanda ulikuwa mzima. Tatizo lilikuwa mpaka tuliouchora.

Hatua ya 1. Chaji mkanda na uuunganishe na simu.

Hatua ya 2. Usichore mpaka kwa kidole juu ya picha ya satelaiti, kwani picha hizo huweza kusogea mita kadhaa kutoka mahali halisi. Zunguka kiwanja kwa miguu ukiwa umeushika mkanda.

Hatua ya 3. Hatua hii ilitula alasiri nzima. Uweke mkanda juu ya stuli katikati ya uwanja, uuache nusu saa, kisha utazame alama yake kwenye ramani: itatangatanga ingawa mkanda haujaguswa. Penye anga wazi, simu ya kawaida hukosea kwa takribani mita 5. Karibu na nyumba hali huharibika, kwa sababu mawimbi hugonga mabati na kuta za mawe ya volkano kabla ya kufika, na kila nanosekunde (sehemu moja ya bilioni ya sekunde) ya kuchelewa ni sentimita 30. Nanosekunde 30 tu huongeza mita 9 katika umbali unaopimwa hadi satelaiti moja. Rudia kipimo katika kila kona, kisha tena baada ya jua kutua, maana katika ukanda huu wa ikweta ionosfera, yaani tabaka la juu la hewa lenye chembe za umeme ambalo mawimbi hupitia, huchafuka zaidi saa za mwanzo za usiku. Usidanganywe na duara ambalo simu huchora kuzunguka mahali ulipo kuonyesha kosa lake: kwenye Android lina uwezekano wa asilimia 68 tu wa kukubeba ndani yake. Kwa hiyo chukua umbali mkubwa kabisa ambao alama ilitangatanga, wala si wastani.

Hatua ya 4. Zima shoti ya umeme, ubakize sauti. Mimi sikubali mbwa aadhibiwe kwa kosa la satelaiti.

Hatua ya 5. Rudisha mpaka ndani kwa umbali uliopima, na ukumbuke kwamba mbwa anayekimbia kilomita 30 kwa saa hupita mita 8 kila sekunde. Kwa jirani kosa lilikuwa mita 8, na kiwanja chake kina upana wa mita 15. Ukitoa 8 kila upande, hakuna kinachobaki. Tuliziba pengo la ukuta kwa mawe, na mkanda sasa humsaidia kumtafuta mbwa akipotea.