Mazoezi kwa mwenye ugonjwa sugu wa mapafu: somo la hatua kwa hatua

Karibu kila wiki ninaulizwa hapa kikundini kama mtu mwenye mapafu mabovu anaruhusiwa kutembea, nami huandika jibu lile lile. Leo ninaliandika kwa ukamilifu ili atakayeuliza tena aelekezwe kwenye somo hili. Kazi yangu ni tiba ya viungo hapa Nakuru. Wengi ninaowahudumia walipona kifua kikuu wakabaki na makovu, au walipikia kuni kwa miaka mingi katika jikoni zisizo na dirisha, au walivuta sigara. Wanapofika kwangu, wengi wamekwisha kuamini kwamba kuhema ni kuumia, kwa hiyo wameacha kutembea, na kukaa huko kunawadhoofisha zaidi.

Mazoezi hayarudishi sehemu ya pafu iliyokwisha kuharibika, na anayekuahidi hivyo anakudanganya. Kinachobadilika ni misuli. Paja lililolegea hutengeneza asidi mapema, hata kwa mwendo wa kwenda kisimani, na asidi hiyo huongeza kaboni dioksidi ambayo mapafu dhaifu hulazimika kuitoa. Paja lililozoeshwa huchota oksijeni vizuri zaidi kutoka kwenye damu, asidi hupungua, na safari ile ile hufanywa kwa pumzi chache na kwa mapigo ya moyo yaliyo machache pia.

Hatua ya kwanza: pimwa na daktari. Usianze ikiwa una maumivu ya kifua, unazimia, una homa, unakohoa damu, au ulipata shambulio la moyo hivi karibuni.

Hatua ya pili: ikiwa umeandikiwa inhela ya kufungua njia za hewa kabla ya mazoezi, ivute dakika 10 hadi 15 mapema. Anayetumia oksijeni nyumbani aendelee kuitumia anapotembea, kwa kiwango alichopangiwa.

Hatua ya tatu: chagua njia tambarare. Mkazi wa Kisumu atoke kabla jua halijawa kali, na mkazi wa Nakuru asianze na miteremko ya kuelekea mlima Menengai.

Hatua ya nne: kutoa pumzi. Hapa ndipo watu wengi huharibu, kwa hiyo naomba isomwe polepole. Mwenye njia za hewa zilizobana hashindwi sana kuingiza hewa, hushindwa kuitoa. Anapoharakisha mwendo, pumzi huenda mbio, muda wa kutoa hewa hufupika, na sehemu ya hewa ya zamani hubaki ndani wakati mpya inaingia. Kifua huwa kama matatu inayopakia abiria katika kila kituo na hakuna anayeshuka. Kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo, husukumwa chini na kulala bapa, kikakosa nafasi ya kuvuta. Moyo nao huathirika, kwa sababu shinikizo ndani ya kifua huzuia damu inayorudi kutoka mwilini. Moyo hujazwa kidogo, kila pigo hutoa damu kidogo, na mapigo huongezeka ili kufidia. Mgonjwa anapohisi hivyo huogopa, na hofu humfanya avute hewa kwa haraka zaidi. Dawa ya hali hiyo ni kuingiza hewa kwa pua, kisha kuitoa taratibu kupitia midomo iliyobanwa kama anayepuliza chai ya moto, kwa muda unaokaribia mara mbili ya ule wa kuingiza. Midomo iliyobanwa husaidia njia ndogo za hewa zisijifunge mapema.

Ninaonya juu ya mambo matatu. Usisukume hewa kwa nguvu, kwa maana nguvu hiyo yenyewe hufunga njia ndogo. Usizuie pumzi unapoinua kitu. Toa pumzi wakati wa kuinua. Na usisubiri kuishiwa ndipo ukumbuke kubana midomo, bali anza nayo kuanzia hatua za kwanza za kutembea.

Hatua ya tano: muda. Tembea dakika mbili au tatu, pumzika, rudia. Ongeza kidogo kidogo hadi ufikishe dakika 20 au 30 kwa jumla, siku tatu au zaidi kwa wiki, kwa muda usiopungua wiki 6 hadi 8. Katika kipimo cha Borg, ambacho 0 ni kutohema kabisa na 10 ni kuhema kupita kiasi, kaa kwenye 3 au 4. Unapaswa kuweza kusema sentensi fupi.

Hatua ya sita: nguvu. Inuka kitini na kukaa mara kadhaa, kisha inua chupa ndogo za maji kwa mikono.

Hatua ya saba: punguza mwendo polepole kabla ya kusimama.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Bungoma: Daktari, sijasoma yote kwa kuwa ni marefu. Baba atembee dakika ngapi?

Jibu: Hatua ya tano. Ya kwanza itangulie.

Mwanachama, Njoro: Habari Mwalimu. Kipimo changu cha kidole, kile cha oksijeni kwenye damu, huonyesha asilimia 93 nikiwa nimekaa, lakini ndugu yangu aliye Kisumu, mwenye ugonjwa kama wangu, hupata 96. Je, mimi nimeharibika zaidi?

Jibu: Asante kwa swali zuri, ndugu yangu. Si lazima. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari na mji wa Nakuru takriban mita 1,850, nawe huko Njoro uko juu zaidi. Oksijeni ni asilimia 21 ya hewa kote, lakini kadiri unavyopanda shinikizo la hewa hupungua, na Nakuru limepungua kwa karibu moja ya tano likilinganishwa na pwani. Usilinganishe namba yako na ya mtu mwingine; linganisha ya leo na yako ya jana, ukiwa umekaa na ukiwa unatembea. Ikishuka chini ya 88 wakati wa mazoezi, simama, na umweleze daktari. Futa rangi ya kucha na epuka kidole chenye hina. Fahamu pia kwamba vipimo hivi wakati mwingine huonyesha namba iliyo juu kuliko hali halisi kwa sisi wenye ngozi nyeusi, kwa hiyo ukijisikia vibaya usifarijiwe na namba nzuri.

Mwanachama, Kakamega: Umesema kukaa ni kubaya. Mama yangu miguu imevimba na anahema hata akilala, basi leo nimemtembeza kama ulivyoagiza.

Jibu: Sikuagiza hivyo, dada. Hatua ya kwanza inasema apimwe na daktari. Oksijeni inapokuwa chache kwa muda mrefu, mishipa ya damu ya mapafu hubana, na upande wa kulia wa moyo husukuma damu kwa shida hadi uchoke. Kuvimba miguu ni mojawapo ya dalili zake. Mpeleke hospitali leo, usingoje kesho. Mazoezi yatafuata baadaye.

Mwanachama, Kisumu: Mwalimu, saa yangu hupima mapigo ya moyo. Kwa nini hukutupa idadi ya kulenga?

Jibu: Nimefurahi umeuliza. Mtu mzima wa afya husimamishwa zaidi na kikomo cha moyo wake, lakini wengi wenye ugonjwa huu husimamishwa na pumzi kabla moyo haujafika mwisho wa uwezo wake. Ukilenga hesabu ya 220 kutoa umri, ambayo ni makadirio ya mapigo ya juu kabisa kwa dakika, unaweza kuishiwa pumzi kabla hujaikaribia. Zaidi ya hayo, salbutamoli, dawa ya inhela ya kufungua njia za hewa, huongeza mapigo, na baadhi ya dawa za presha huyapunguza. Saa na ikusaidie kuona mapigo yanashuka baada ya kupumzika, lakini mwendo upangwe kwa Borg.

Mwanachama, Molo: Naweza kutembea ila kuanika nguo kunanimaliza. Ni ajabu?

Jibu: Si ajabu, mama. Misuli ya mabega na shingo husaidia kifua kupumua, na mikono ikiwa juu misuli hiyo hupewa kazi mbili. Shusha kamba ifike usawa wa kifua, weka beseni juu ya kiti ili usiiname, na utoe pumzi kila unapoinua nguo. Maji yabebe kwa vibuyu vidogo viwili badala ya ndoo moja kichwani.

Mwanachama, Kisumu: Na maendeleo niyapime vipi bila mashine?

Jibu: Pima kwa kamba njia tambarare ya mita 30, utembee kwenda na kurudi kwa dakika 6 kwa kasi yako ya kawaida huku mtu akihesabu, nawe upumzike unapohitaji bila saa kusimamishwa. Andika jumla ya mita na kiwango cha Borg. Rudia baada ya wiki 8, saa ile ile ya siku, baada ya inhela ile ile. Ongezeko la mita 30 hivi ni mabadiliko ya kweli.