Simu imejaa? Nisikilize kabla hujaenda kuiflashi

Mimi ni fundi cherehani, niko Ngamiani, Tanga. Nashona madera, magauni ya vitenge na sare za harusi. Siku hizi hakuna mteja anayekuja na mtindo mkononi. Kila mtu anarusha picha WhatsApp. "Mama, nataka kama huu, ila mkono uwe mrefu." Dakika mbili baadaye anarusha mwingine. Halafu inafuata voisi ndefu anaeleza kwa nini ule wa kwanza kaughairi. Wateja kama hao ninao zaidi ya thelathini. Weka na kundi la ukoo, kundi la kikoba, kundi la wazazi wa darasa la sita, na makundi ya kamati za harusi ambazo zimeshapita na watoto wameshazaliwa. Simu yangu ya GB 32 ilikuwa inanigomea kila mwezi.

Siku moja nikachoka, nikaipeleka kwa fundi simu. Akaibonyeza mara mbili tatu, akasema dawa yake ni kuflashi tu, yaani kuifuta yote na kuiwekea mfumo upya. Nikalipa. Jioni nikakabidhiwa simu nyepesi kama mpya, na tupu kama mpya. Vipimo vya sare za watu kumi na wanne, ambavyo nilikuwa nimevipiga picha badala ya kuviandika, vilikuwa vimekwenda na maji. Nikitaka kuwapigia wenyewe, namba nusu hazipo. Fundi hakunidanganya, kuflashi kweli kunaleta nafasi. Na ukichoma nyumba, kunguni nao wanakwisha.

Tangu hapo vipimo vinaandikwa kwenye daftari, na simu naisafisha mwenyewe. Mpwa wangu alinionyesha mwanzo, mengine nimeyagundua kwa kuhangaika. Sasa majirani wananiletea zao, kwa hiyo naandika hapa mambo ninayoyafanya na namna ninavyoyafuatanisha.

Kwanza tofautisha vitu viwili, kwa sababu wauzaji wanavichanganya makusudi. RAM ni meza ya kukatia kitambaa. Hifadhi ni kabati la kuwekea vitambaa. Meza ikiwa ndogo unafanya kazi kwa kubanana, simu inakwamakwama ukifungua programu tatu kwa pamoja. Kabati likijaa, hakuna kipya kinachoingia: picha za WhatsApp hazifunguki, kamera inakataa kupiga, programu zinagoma kusasishwa. Ukinunua memori kadi umeongeza kabati, meza iko vilevile. Mimi hapa nazungumzia kabati.

Fungua Mipangilio, uingie sehemu ya Hifadhi. Utaonyeshwa mgawanyo: picha, video, programu, mfumo. Usishtuke ukiona mfumo umekalia sehemu kubwa. Ile 32 iliyoandikwa kwenye boksi si yako yote. Kwangu mfumo peke yake umekula GB 12 na ushei kabla sijapiga picha hata moja. Hiyo huwezi kuigusa, usipoteze muda nayo. Angalia nafasi iliyobaki. Mimi nikiona imeshuka chini ya GB 3 naanza kufagia, sisubiri ile alama ya onyo, kwa sababu ikishafika hapo hata kufuta kwenyewe kunakuwa kwa tabu.

Halafu nenda moja kwa moja WhatsApp. Kati ya simu kumi ninazoletewa, tatizo la nane au tisa liko humo. Usianze kufuta picha moja moja kwenye galari, utakesha. Ndani ya WhatsApp yenyewe fungua mipangilio, ingia kwenye hifadhi na data, kisha pale pa kusimamia hifadhi. Ukurasa huo ni dawa. Juu unakuonyesha vitu vilivyosambazwa mara nyingi, na vitu vyenye ukubwa wa zaidi ya MB 5. Chini yake yanafuata mazungumzo yako yote, yamepangwa kuanzia lililokula nafasi kubwa.

Anza na vilivyosambazwa mara nyingi. Humo utakutana na zile video za "asubuhi njema" zenye maua yanayofunguka, picha za Ijumaa Karimu za miaka mitatu, dawa ya kisukari ya majani ya mpera, na mtoto anayecheza ngoma ambaye umeshatumiwa na watu watano. Chagua zote, futa. Sijawahi kujuta hapo hata siku moja.

Kwenye hivi vya zaidi ya MB 5 ndipo uwe makini. Kumechanganyika. Kuna video ya mahubiri ya nusu saa ambayo hukuifungua, na kuna video ya mwanao akipokea cheti. Pitia kwa jicho. Cha kukihifadhi, kihamishe kwanza (nitasema wapi), ndipo ufute.

Kisha shuka kwenye makundi. Mimi nilikuta kundi moja la kamati ya harusi limekalia GB 2.3, na bi harusi mwenyewe sasa ana mtoto anayetambaa. Watu wanaogopa kujitoa kwenye makundi, wanaona ni kama kuvunja undugu. Basi baki, ila fungua kundi hilo kwenye ukurasa huu na ufute picha na video zake tu. Maneno yanabaki, na hakuna atakayejua. Kumbuka tu kwamba ulichofuta kwenye simu yako kimefutika kwako. Ukikitaka tena itabidi umwombe aliyekutumia.

Baada ya hapo ziba bomba, maana kufagia maji wakati bomba liko wazi ni kujisumbua. Kwenye hiyohiyo sehemu ya hifadhi na data kuna mpangilio unaoruhusu vitu vijipakue vyenyewe bila wewe kuvigusa. Ondoa alama kwenye picha, sauti, video na nyaraka, upande wa bando na upande wa waifai. Kuanzia hapo picha itakuja na ukungu, ukiitaka utaigusa. Mimi nagusa za wateja, za kundi la ukoo naziacha na ukungu wake. Bando langu la wiki lilikuwa linakufa siku ya nne. Sasa linafika siku ya saba na chenji kidogo.

Kuna jambo linawakera wengi, nami lilinikera hadi nikadhani simu ina jini. Unafuta picha mia nne, unarudi kuangalia nafasi, iko palepale. Hakuna jini. Simu nyingi za siku hizi zina pipa la taka ndani ya galari, na picha uliyoifuta inakaa humo, kwa kawaida siku 30, ikingoja ubadilishe mawazo. Kwenye Google Photos picha ambayo ilishanakiliwa kwenye akaunti hukaa hadi siku 60. Muda huo wote inakula nafasi. Kwa hiyo ukimaliza kufuta fungua pipa, hakikisha hujatupa dhahabu na taka, ndipo ulimwage. Programu ya mafaili nayo mara nyingi ina pipa lake, usilisahau.

Kona nyingine iliyojificha: kwenye programu ya mafaili, ingia Android, kisha media, kisha com.whatsapp, kisha WhatsApp. Ndani yake kuna folda inaitwa Databases. Kila usiku WhatsApp inaweka humo nakala ya mazungumzo yako, na nakala za siku kadhaa zinarundikana. Kwa mtu mwenye makundi mengi kila moja inaweza kuwa nzito. Acha ile ya karibuni kabisa, zenye tarehe za nyuma ondoa. Kama unasitasita hapa, pitiliza, si lazima.

Sasa programu. Ukibonyeza programu yoyote kwenye Mipangilio na kuingia hifadhi yake, utaona vitufe viwili vinavyofanana kama mapacha. Kimoja kinafuta akiba, yaani mabaki ya muda. Hicho bonyeza bila wasiwasi, TikTok na Facebook peke yake zinaweza kukurudishia nafasi nzuri. Cha pili kinafuta data yote, na programu inabaki kama imeingizwa leo. Ukikibonyeza hicho kwenye WhatsApp bila kuwa na nakala, mazungumzo yamekwenda. Jirani yangu muuza mihogo alikibonyeza akidhani ni kilekile, akapoteza orodha ya wanaomdai na anaowadai. Wanaomdai walijitokeza wenyewe.

Zile programu zinazojiita wasafishaji, zinazopiga kelele kwamba simu yako ina virusi 17, zitoe. Zenyewe ndizo taka, na matangazo yao yanakula bando.

Picha unazozipenda zipeleke wapi? Google Photos inafaa, ila zile enzi za kuweka picha bila kikomo ziliisha tarehe 1 Juni 2021. Sasa akaunti moja inapewa GB 15 za bure, na ndani yake mnabanana picha, barua pepe na nakala ya WhatsApp. Mimi naacha simu inakili usiku kwa bando la usiku. Asubuhi nahakikisha imemaliza, ndipo naingia kwenye kitufe cha kuongeza nafasi, kinachoondoa kwenye simu zile zilizokwisha kunakiliwa. Tumia kitufe hicho, usizifute kwa mkono ndani ya Google Photos, kwani ukifuta humo zinaondoka simuni na kwenye akaunti pia. Hili limeliza watu.

Memori kadi nayo ni msaada, kama simu yako ina sehemu yake. Ukiiweka, simu inaweza kukuuliza kama uitumie kama hifadhi ya ndani au ya kuhamishika. Chagua ya kuhamishika. Ukichagua ya ndani, kadi inafungwa kwa simu hiyo tu, na siku simu ikifa huwezi kuichomeka kwingine ukasoma picha zako. Kisha ingia kwenye mipangilio ya kamera, uiambie ihifadhi picha kwenye kadi. Na ukinunua kadi barabarani kwa bei ya kutupa, ijaribu: ijaze video mpaka karibu na mwisho, kisha fungua zile za mwisho kuingia. Kadi za bandia zinaandikwa 64 na tumboni hazina hata robo. Simu inakubali kuweka, kufungua ndiyo hapana.

Niingize na la chaji, kwa sababu nalo linapeleka watu kwa fundi bure. Simu haishiki chaji mpaka uupinde waya, mtu anaambiwa sistimu chaji imekufa. Inawezekana. Lakini sisi washonaji simu zetu zinalala kwenye vumbi la nyuzi, na wengine mnaziweka kwenye mifuko ya suruali. Lile tundu linajaa manyoya, na kila ukichomeka waya unayashindilia. Zima simu, mulika na tochi, chukua kijiti cha meno cha mti, chokonoa polepole kutoka pembeni. Kwangu kilitoka kipande cha pamba kama punje ya mchele. Najua mkono wa mshonaji utakimbilia pini. Acha pini. Chuma kinakwaruza vile vijino vya ndani na kinaweza kupiga shoti. Na simu ikae mbali na pasi ya mkaa. Betri haipendi joto. Ukiona mgongo wa simu umevimba, hapo usichokonoe chochote wala usiendelee kuichaji, hiyo kweli mpelekee fundi.

Ukifanya yote haya na simu bado inajizima yenyewe au inagandia kwenye nembo, ndipo kuflashi kunakuja. Kabla hujaikabidhi, kama bado inawaka, hakikisha nakala ya WhatsApp na picha zimepanda, na majina yamehifadhiwa kwenye akaunti ya Google, si kwenye simu.

Na jiulize swali hili: unaijua paswedi ya barua pepe iliyo kwenye simu yako? Wengi ninaowauliza wanacheka. Simu walinunua dukani, kijana wa duka akawafungulia akaunti kwa jina analolijua yeye, wakaondoka. Simu za Android tangu toleo la 5.1 zina ulinzi dhidi ya wezi: ikifutwa kwa kubonyeza vitufe vya pembeni, ikiwaka itadai akaunti ileile iliyokuwemo. Huijui, basi wewe na mwizi mko sawa mbele yake. Unamlipa fundi mara ya pili akuvukishe, na naye anakufungulia akaunti nyingine usiyoijua.

Kwa hiyo leo, simu ikiwa nzima, ingia kwenye Mipangilio, tafuta Google, soma anwani iliyopo. Kama paswedi huikumbuki, ibadilishe sasa hivi wakati bado uko ndani na laini yako iko hewani kupokea namba ya uthibitisho. Yangu nimeiandika kwenye daftari la nyumbani, si lile la dukani, katikati ya vipimo vya shangazi yangu. Kiuno chake sikitaji, ila hakuna mwizi atakayefikiria kutafuta hapo.